Wageni wanatua masika yakianza: panga kwa saa na kwa udongo

Swali: Dada yangu ameishi Ujerumani miaka kumi na miwili. Anakuja nyumbani na mume wake na watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Wanatua JKIA tarehe 25 Machi na kuondoka usiku wa tarehe 9 Aprili, kwa hiyo Pasaka itatukuta Pwani. Tiketi walizipata kwa bei nzuri, na sasa kila mtu anatuambia bei ilikuwa nzuri kwa sababu masika yanaanza. Tumepanga Nairobi siku tatu, Hell's Gate siku moja, Amboseli siku mbili, Maasai Mara siku tatu, halafu Diani mpaka mwisho. Gari ni Fielder yangu. Je, waahirishe? Kama si lazima, tubadilishe nini, na wabebe nini? — Msomaji, Donholm

Jibu: Wasiahirishe, ndugu yangu. Ila mpango huo ni wa Januari. Ukiupeleka ulivyo, shemeji yako atalipia mbuga kwa dola ili akasukume gari matopeni. Tarehe zenyewe si mbaya. Kinachotakiwa ni kuipanga upya safari nzima kwa kuangalia mambo mawili: saa za siku, na udongo wa kila mahali mnapokwenda.

Tuanze na mvua yenyewe, kwa sababu watu huisema kana kwamba ni kitu kimoja kinachoangukia nchi yote siku moja. Jua la utosi huvuka ikweta karibu na tarehe 21 Machi, na ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata nyuma kwa kuchelewa kidogo. Kwa Nairobi na nyanda za juu zilizo mashariki ya Bonde la Ufa, mvua kwa kawaida hushika kati ya wiki ya tatu na ya nne ya Machi, na Aprili ndiyo mwezi unaoongoza. Pwani huchelewa, Mombasa kilele chake ni Mei. Tsavo na Ukambani nako mambo ni mengine kabisa: mvua wanayoitegemea huko ni ya Oktoba hadi Desemba, na masika mara nyingi huwapitia juu juu. Hilo la Tsavo liweke akilini, tutalirudia.

Mwanzo wa masika pia hauna adabu ya kalenda. Huweza kunyesha siku tatu kwa fujo, kisha jua likawaka wiki nzima. Kimbunga kikizuka upande wa Madagascar au Msumbiji, huweza kuvuta unyevu kuelekea kwake na kutuachia anga tupu. Mwaka 2019, Idai ilipopiga Msumbiji katikati ya Machi, masika yetu yalichelewa. Ndiyo maana ile programu ya simu inayoonyesha wingu na radi siku kumi na nne mfululizo haifai kuwatia hofu. Inachosema ni kwamba katika saa 24 kuna uwezekano wa mvua mahali fulani. Haisemi saa ngapi wala kwa muda gani. Fuateni utabiri wa wiki na tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa, na chochote kinachozidi siku tano mbele mkichukue kama uvumi tu.

Saa ndizo zenye faida. Nairobi na Mara, jua hupasha ardhi moto asubuhi, hewa hupanda, na mawingu hukomaa kuanzia alasiri. Mvua hushuka jioni au usiku. Asubuhi huwa na mawingu mazito lakini mara nyingi ni kavu. Pwani mambo hugeuka, mvua hupenda usiku na alfajiri, na adhuhuri jua linachoma kama kawaida. Kwa hiyo bara, kila jambo la nje liishe kabla ya saa nane mchana, na kila safari ya barabara iwe imefika kabla ya saa kumi. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, na barabara yenye maji gizani haisomeki.

Sasa udongo, ambao ndio unaoamua nani anakwama. Sehemu kubwa ya Mara na ya nyika ya kusini ya Nairobi National Park ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ule unaowatesa wajenzi wa Embakasi na Athi River. Kiangazi hupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Mvua ya kwanza huingia kwenye nyufa na kutoweka, na dereva mgeni hudhani hakuna shida. Baada ya mvua ya pili na ya tatu udongo huvimba, nyufa hujifunga, na kuanzia hapo maji hayana pa kwenda. Tope hujaa kwenye meno ya matairi hadi yanakuwa laini kama mpira wa kuchezea, na hapo hata gari la magurudumu manne linateleza. Jua likiwaka siku moja au mbili, udongo hubeba gari tena. Udongo mwekundu wa Tsavo na ule wa majivu ya volkano wa Naivasha hupitisha maji haraka zaidi.

Kutokana na hayo, mpango wenu unabadilika hivi.

Amboseli iondoeni. Bonde lile ni sakafu ya ziwa la kale, na mvua ikikolea, sakafu hurudi kuwa ziwa. Kiangazi tembo hujazana pale kwa sababu madimbwi ya Enkongo Narok na Longinye hulishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Mvua ikinyesha kila mahali, hawana haja tena ya kubanana, hutawanyika nje ya mbuga. Na mlima wenyewe, ambao ndio nusu ya sababu ya kwenda huko, hujificha mawinguni.

Badala yake wekeni Tsavo East, na mwende kwa treni. Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau, ile inayosimama vituo vya njiani, hufika Voi mchana. Ombeni loji iwatumie gari stesheni, kwa kuwa lango la Voi liko karibu na mji. Siku mbili baadaye mnaipanda treni hiyo hiyo Voi na kuendelea Mombasa. Mmeona mbuga bila kuendesha gari kilomita hata moja kwenye barabara kuu ya Mombasa yenye malori na mvua. Niseme ukweli: wanyama huko pia watakuwa wametawanyika na nyasi zitaanza kurefuka, kwa hiyo chagueni loji yenye bwawa la kunyweshea mbele yake, mtoto wa miaka 4 aone tembo akiwa mezani.

Mara iwe mwanzo wa safari, si mwisho. Kila wiki ya mvua inayopita, mito ya Mara na Talek inapanda na udongo unazidi kushiba. Nendeni tarehe 28 Machi, mlale usiku tatu, mrudi tarehe 31. Fielder ibaki Donholm. Lami inafika lango la Sekenani kupitia Narok, saa tano hadi sita kutoka Nairobi, na hilo ndilo linalowadanganya wenye magari madogo: unafika langoni bila taabu, kisha kilomita mbili ndani unakaa kwa tumbo. Kodini Landcruiser yenye dereva wa huko. Vile vigari vya safari vyenye paa la kuinuka ni bei rahisi, lakini vingi husukumwa na magurudumu mawili tu, na bei hiyo rahisi huilipa mkiwa mmeketi mkisubiri kuvutwa.

Kabla ya kutuma pesa, iulize kampuni: magurudumu yote manne yanafanya kazi kweli, au ni sura tu? Matairi yana meno kiasi gani? Kamba ya kuvutia, koleo, jeki ya kuinua juu na mbao za kuweka chini ya jeki vimo? (Jeki bila mbao, kwenye tope, huzama yenyewe.) Kuna redio ya kuwaita wenzake pale simu isiposhika? Kisha iulize kambi swali moja ambalo wengi huliona la aibu: mwaka 2024 maji yalifika wapi? Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei mwaka huo mto Talek ulifurika, ukabeba mahema ya kambi kadhaa, na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Kambi yenye majibu ya wazi, inayokuonyesha hema lililo kwenye mwinuko na njia ya kutokea nyuma, inafaa. Inayokujibu kwamba hilo halitatokea tena, achana nayo. Kambi nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei, kwa hiyo thibitisheni pia kwamba zile siku tatu jiko lote na wafanyakazi wote wapo, si walinzi wawili na mpishi mmoja.

Upande wa pesa mmepata bahati. Ada ya Mara kwa mgeni mkubwa asiye mkazi ni dola 100 kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai. Tiketi huhesabiwa kwa saa 12, kwa hiyo msiingie saa kumi jioni ya siku ya kwanza kwa ajili ya saa moja ya kuendesha. Laleni nje ya lango na mwingie alfajiri. Dada yako abebe kitambulisho au pasipoti ya Kenya, alipe kama mwananchi. Shemeji anahitaji eTA, kile kibali cha kuingia nchini kinachoombwa mtandaoni, na watoto pia wakisafiri kwa pasipoti ya Kijerumani. Waombe wiki mbili kabla, wasingoje siku tatu za mwisho. Kambi na loji bara msizilipe kwa bei ya Agosti: huu ni msimu mdogo, na kupewa usiku wa tatu bure ni jambo la kawaida kwa anayeuliza. Diani wakati wa Pasaka msitegemee huruma hiyo.

Hell's Gate nimeiacha kwa makusudi ili niiseme peke yake. Uwanda wa juu, pale pa baiskeli na pundamilia, hauna neno asubuhi. Bonde la Ol Njorowa msiliingie, hata mwongozaji akiwaambia anga iko safi. Bonde lile ni jembamba, kuta zake ni wima, na maji yanayoua humo hayahitaji mvua inyeshe pale: hunyesha kwenye vilima vya juu, na dakika chache baadaye ukuta wa maji unapita chini huku mkiwa mnaangalia anga ya buluu. Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa lilipoteza watu saba humo. Septemba 2019, mwezi ambao si wa mvua kubwa hata kidogo, lilitokea tena na watu wengine wakafa. Kwa watoto wa umri huo mimi ningeiweka tarehe 1 Aprili kama siku ya hiari: kukiwa kumenyesha sana usiku, mnalala tu. Mkienda, piteni barabara ya juu ya Limuru na Kinungi badala ya kuteremka Mai Mahiu, ambako miteremko imelowa na mawe hudondoka. Kwenye ukungu wa Limuru washeni taa za chini; taa kali hurudishwa na ukungu machoni pako mwenyewe.

Diani itachukua tarehe 4 hadi 8 Aprili. Kutoka stesheni ya Miritini piteni Dongo Kundu, msihangaike na feri ya Likoni na mizigo na watoto. Wakati huo upepo wa kaskazi unamalizika na wa kusi haujashika, ni maleleji: bahari hutulia, joto la mchana ni nyuzi 31 au 32, usiku hewa ni nzito. Kusi likishaingia, maji hupata tope na mwani hujaa ufukweni, kwa hiyo safari ya mashua kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite iwe tarehe 5, isingojee tarehe 7. Watu wa bara wengi hawalijui hili: karibu na siku ambayo usiku na mchana ni sawa, mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Aprili, bamvua huwa kubwa kuliko kawaida, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Maji yakitoka mnaweza kutembea hadi mwambani. Yakianza kurudi, hurudi kwa kupitia mifereji iliyo nyuma yenu kwanza. Muulizeni mvuvi saa ya maji kupwa, na mgeuke kurudi kabla ya saa hiyo kufika.

Tiketi za treni nunueni sasa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500 kwa Nairobi hadi Mombasa, kwa *639# au kwenye tovuti ya reli, na namba za pasipoti lazima zilingane. Wiki ya Pasaka hujaa mapema kuliko mnavyodhani.

Nairobi yenyewe

Siku za tarehe 26 na 27 Machi zinatosha, pamoja na ile ya kupumzika baada ya Mara. Nairobi National Park asubuhi sana lango likifunguliwa. Kama usiku kulinyesha, bakini barabara za upande wa msitu, msishuke nyikani kusini. Watoto wa tembo wa Sheldrick huonyeshwa saa tano hadi saa sita mchana na lazima muweke nafasi mapema. Kituo cha twiga kiko njia hiyo hiyo ya Lang'ata na Karen. Mchana wa mvua ndio wa Makumbusho ya Taifa. Ada za mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, na stima ikipotea mtandao nao huyumba, kwa hiyo lipeni usiku uliotangulia na mhifadhi risiti kwenye simu mbili.

Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi kwa dereva wa mjini, kuliko hata zile za katikati ya Aprili. Mafuta na vumbi la miezi miwili vimekaa kwenye lami. Mvua ya robo saa huvichanganya kuwa sabuni. Mitaro imejaa taka za kiangazi chote, kwa hiyo maji hurudi barabarani. South C, mzunguko wa Bunyala, Mukuru na vipande vya Mombasa Road mnavijua wenyewe. Mizizi ya mikaratusi iliyokaushwa na jua huachia udongo ukilainika, basi msiegeshe chini yake. Na maji yanayotembea juu ya lami msiyavuke: sentimita 30 zinatosha kuliinua gari dogo kama Fielder, na 60 zinabeba karibu gari lolote. Mkiona hamwoni mistari ya barabara, geuzeni.

Mvua ikianza saa kumi na moja jioni, nauli za matatu hupanda palepale na teksi za programu huongeza bei maradufu. Kaeni mkahawani mnywe chai dakika arobaini, bei itashuka kabla ya foleni kuisha.

Mwili

Hapa dada yako ndiye ninayemhofia kuliko shemeji. Mjerumani atakwenda kwa daktari wake na kumeza dawa kwa saa. Aliyezaliwa hapa husema malaria anaijua. Kinga tuliyoipata utotoni hupungua mtu akikaa miaka nje, na baada ya miaka kumi na miwili ajihesabu kama mgeni. Nairobi mjini hatari ni ndogo kwa sababu ya mwinuko na baridi ya usiku. Mara, Tsavo na Diani ni kweli ipo. Atovakwoni-proguanili, ambayo wengi huijua kwa jina la Malarone, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, humezwa kila siku pamoja na chakula chenye mafuta, na huendelea siku saba baada ya kutoka. Kwa ratiba hii ni kuanzia tarehe 27 Machi hadi 15 Aprili. Ya watoto hupimwa kwa kilo za mwili, kwa hiyo daktari awapime, asikisie. Doksisiklini haifai kwa yule wa miaka 4. Na kosa ambalo huwatuma watu hospitalini ni kuacha dawa siku ya kupanda ndege.

Mwanzo wa masika una nafuu moja ambayo haitajwi. Yai la mbu huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne kuwa mbu, na kimelea huhitaji siku nyingine kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Wimbi la malaria hufuata mvua kwa nyuma, mtakuwa mmeondoka. Nafuu si kinga, hasa Pwani ambako mbu wapo mwaka mzima, na dengi ya Mombasa huletwa na mbu mwingine anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji ya ndoo na matairi ya zamani. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30 inatosha kwa watoto. Kwanza mafuta ya jua, baada ya robo saa ndipo dawa ya mbu juu yake. DEET huyeyusha plastiki, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika miwani. Homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya kuingia Mara, hata wakiwa Ujerumani Juni, ipimwe siku hiyo hiyo na daktari aambiwe wametoka Kenya.

Maji ya bomba hubadilika rangi mvua zikianza, na visima vifupi hupokea kila kilichokuwa kimekauka juu ya ardhi. Chemsheni hadi yatokote kwa nguvu dakika moja. Mkiwa juu ya mita 2,000, kama Limuru, iwe dakika tatu. Wekeni pakiti za chumvichumvi za ORS kwenye mkoba. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo hata akitapika.

Halafu kuna kile kidudu ambacho mji wetu umekipa jina duniani kote, Nairobi Fly. Si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, hafiki sentimita moja, mwenye mistari ya rangi nyeusi na nyekundu ya machungwa, na masika ndiyo msimu wake. Haumi wala hachomi. Shida ni kumponda: ndani ana sumu inayounguza ngozi, na kipele cha maji hutokea siku moja au mbili baadaye, mara nyingi kwenye shingo au pale kiwiko kinapokunja, kwa hiyo mtu huwa hajui hata kilitoka wapi. Wafundisheni watoto kumpuliza au kumwachia apande karatasi. Akishapondwa, osheni kwa sabuni na maji mara moja, na mikono isiguse macho. Hupenda taa nyeupe za usiku. Zimeni taa ya chumba kabla ya kufungua dirisha, na mkung'ute taulo na mito.

Begi

Jambo la kwanza ni lile wageni hukosea wakiwa bado nyumbani: hufunga nguo kwenye mifuko ya plastiki ili zisilowe. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 hata chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani. Wanunue mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji, yenye mdomo wa kukunja mara tatu na kufunga kwa kishikizo. Ya lita 10 kwa kila mtu, na moja ndogo ya pasipoti na simu. Chupa za maji ziwe za chuma.

Jinzi zibaki Ujerumani. Zikilowa Nairobi Aprili hazikauki siku mbili. Suruali nyepesi na mashati ya mikono mirefu, nguo za siku nne au tano tu kwa kila mtu, zifuliwe tarehe 31 Machi na 1 Aprili mkiwa nyumbani kwako. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka mapumziko hapo. Sweta ni lazima, usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 14, na Mara alfajiri ndani ya gari wazi ni baridi zaidi. Koti la mvua lenye kofia ni la mbugani, mwavuli ni wa mjini. Gambuti za watoto msizibebe kwa ndege, zimejaa madukani hapa. Viatu jozi mbili kila mtu, na jozi iliyolowa ijazwe magazeti, ibadilishwe baada ya saa mbili. Msiweke karibu na jiko, gundi huachia.

Diani, kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hufunikwa na ukungu kwenye lenzi. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa nusu saa baada ya kutoka nje, ndipo uufungue. Na kila mtu mzima awe na betri ya akiba ya simu pamoja na noti za shilingi 100 na 200, maana stima ikipotea Ukunda kibanda cha mihogo hakitangoja M-Pesa irudi.

Kuhusu malipo ya awali, takeni maandishi yanayosema kitakachotokea barabara ikifungwa au mto ukifurika: kurudishiwa, kuhamishwa tarehe, au kupelekwa kambi nyingine. Bima ya safari inunuliwe kabla ya tahadhari yoyote ya mafuriko kutangazwa, kwa sababu baada ya hapo kampuni nyingi huliita tukio lililokuwa linajulikana. Hakikisheni inagharimia kuokolewa kwa ndege.

Kurudi, chukueni treni ya asubuhi ya tarehe 8, si ya alasiri, na mtoke Diani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tarehe 9, ndege ikiwa ya usiku, ondokeni Donholm saa tisa alasiri hata kama jua linawaka. Mvua ya saa kumi na moja ikiwakuta bado mko Outering, foleni ya kwenda JKIA haitajali tiketi ilikuwa ya bei gani.